Alpaka, Mbuzi na Daftari la Mfugaji

Historia tunayosoma shuleni aghalabu ni historia ya wafalme, vita na mikataba. Majina ya majemadari hupigwa chapa kwa herufi kubwa, na tarehe za mapigano yao hukaririwa na wanafunzi usiku wa kuamkia mtihani. Lakini iko historia nyingine, nayo ni ya kimya. Ni historia ya mtu aliyeamka alfajiri, akafungua zizi lake, akawatazama wanyama mmoja mmoja, akaamua yupi atazaa na yupi atachinjwa. Uamuzi huo ni mdogo. Lakini uliporudiwa na watu wengi kwa maelfu ya miaka, uliugeuza ulimwengu kuliko vita vingi vilivyosifiwa.

Katika insha hii tutaifuata historia hiyo kwa wanyama wawili. Wa kwanza ni alpaka wa milima ya Andes, huko Amerika ya Kusini. Wa pili ni mbuzi wa maziwa, ambaye leo amefungwa nyuma ya nyumba nyingi za Meru na Nyeri. Mmoja hutoa sufu na mwingine hutoa maziwa. Mmoja yuko mbali nasi na mwingine yuko mlangoni petu. Hata hivyo wote wawili ni wanyama wa nyumba ndogo, na wote wawili wanafundisha jambo moja: ubora wa mnyama ni kazi ya kumbukumbu. Mfugaji akiwasahau wazazi wa wanyama wake, ubora hupotea ingawa wanyama wenyewe wangali hai.

Msomaji wa Kenya huenda hajapata kumwona alpaka, lakini jamaa yake anamfahamu. Ngamia wa Garissa, Wajir na Marsabit ni wa ukoo mmoja naye. Wahenga wa ukoo huo waliishi Amerika ya Kaskazini. Baadhi yao walivuka kwenda Asia, na uzao wao ndio ngamia. Wengine walishuka Amerika ya Kusini yapata miaka milioni tatu iliyopita, na uzao wao ni wanyama wanne: guanako na vikunya, ambao ni wa mwituni, na lama na alpaka, ambao hufugwa. Katika nchi yao ya asili ukoo huo ukatoweka kabisa.

Alpaka hana nundu. Shingo yake ni ndefu, masikio yamesimama, na mwili wote umefunikwa kwa sufu nzito na laini. Uzito wake ni kama kilo 50 hadi 70. Miguu yake ina nyayo laini zisizokata ardhi kama kwato, naye huing'ata nyasi bila kuing'oa mizizi yake. Ana desturi ya kwenda haja mahali pamoja na wenzake, hata samadi yake ni rahisi kukusanywa. Wenyeji huitumia kurutubisha mashamba ya viazi, na huichoma kama kuni mahali pasipo na miti. Jike hubeba mimba kwa muda wa miezi kumi na moja na zaidi, na huzaa mtoto mmoja tu. Kwa hiyo kundi la alpaka huongezeka polepole, na mtu mwenye haraka hawezi kulifuga.

Makao yake ni nyika baridi iitwayo puna, iliyoko kati ya mita 4,000 na 4,800 juu ya usawa wa bahari, katika nchi za Peru na Bolivia na sehemu za Chile. Kilele cha Mlima Kenya kina mita 5,199. Basi fikiri, ewe msomaji, juu ya watu wanaojenga, wanaooa na kuzeeka mahali pa juu kiasi hicho, ambapo kwetu mlimani hapana shamba wala kijiji. Mahindi hayaoti huko. Usiku huwa na jalidi karibu mwaka mzima. Pasipo mnyama wa kuvaa sufu yake, kula nyama yake na kuota moto wa samadi yake, binadamu asingeweza kukaa huko.

Watu wa Andes walimpataje mnyama huyu? Katika jimbo la Junín, nchini Peru, iko pango iitwayo Telarmachay, ambamo wawindaji waliishi kwa maelfu ya miaka. Wataalamu walipochimba sakafu yake, tabaka baada ya tabaka, waliona mabadiliko katika mifupa. Katika tabaka za chini kabisa ilikuwamo mifupa ya wanyama wa aina mbalimbali waliowindwa. Katika tabaka za juu yake mifupa ya jamii ya lama ilizidi kuwa mingi. Kisha, katika tabaka za miaka kama elfu sita iliyopita, meno ya aina ya alpaka yakatokea, pamoja na mifupa mingi ya watoto waliokufa punde baada ya kuzaliwa. Mwindaji hana sababu ya kuwinda watoto wachanga kwa wingi namna hiyo. Lakini mfugaji anayewafungia wanyama katika zizi chafu huwapoteza watoto wao kwa maradhi ya kuhara. Kwa hiyo kile kilichokuwa msiba wa mfugaji wa kwanza ndicho kilichokuwa ushahidi wake mbele ya wanahistoria.

Kwa muda mrefu wataalamu walibishana juu ya mzazi wa alpaka. Wengi walidhani ametokana na guanako kama lama. Mwaka 2001 uchunguzi wa chembe za urithi ulionyesha kuwa lama ametokana na guanako, na alpaka ametokana na vikunya, yule mnyama mdogo wa mwituni mwenye sufu laini kupita zote. Hivyo tunajua kazi waliyoifanya wafugaji wa kale. Walimchukua mnyama mwoga, mwepesi, mwenye sufu kidogo, wakamfanya mpole, mkubwa zaidi, na mwenye sufu ya kutosha kuvika watu. Hawakuwa na hadubini wala kitabu. Walikuwa na macho, vidole na kumbukumbu. Waliishika sufu, wakailinganisha na ya mama yake na ya nyanya yake, wakachagua.

Wainka walipoinuka katika karne ya 15 na kuitawala sehemu kubwa ya Andes, walikuta kazi hiyo imekwisha kuendelea kwa maelfu ya miaka. Walichoongeza wao ni utaratibu. Makundi mengine yalikuwa ya dola, mengine ya ibada ya Jua, na mengine ya vijiji na jamaa. Sufu iliyo laini sana ilifumwa kuwa kitambaa kilichoitwa kumbi, ambacho thamani yake katika dola ile ilikuwa kubwa mno. Mfalme alikitoa kuwa heshima kwa majemadari na wakuu aliotaka kuwavuta upande wake.

Wainka hawakuwa na maandishi kama yetu. Walikuwa na kipu, yaani nyuzi zilizofungwa mafundo, na kila fundo lilikuwa na maana yake kwa umbo na mahali lilipofungwa. Garcilaso de la Vega, mwandishi ambaye baba yake alikuwa Mhispania na mama yake binti wa ukoo wa kifalme wa Wainka, alieleza kuwa wanyama walitengwa kwa rangi zao, na mtoto aliyezaliwa na rangi tofauti na ya wazazi wake alipelekwa katika kundi la rangi yake. Hesabu ya kila kundi ikafungwa katika nyuzi za rangi ile ile. Hilo, msomaji, lilikuwa daftari. Halikuwa na wino, lakini lilisema ni wanyama wangapi, wa rangi gani, na ni wa nani.

Tungeweza kudhani kuwa sifa za wafugaji hao ni hadithi tu za watu waliopenda mambo ya kale. Lakini ushahidi upo. Karibu na pwani ya kusini ya Peru, mahali paitwapo El Yaral, wachimbaji walikuta lama na alpaka waliozikwa chini ya sakafu za nyumba miaka kama elfu moja iliyopita, kabla ya dola ya Wainka kuinuka. Walikuwa wametolewa sadaka. Ukame wa jangwa ulikuwa umewahifadhi, ngozi na sufu zao zikiwa hazijaoza. Sufu hiyo ilipopimwa nyuzi kwa nyuzi, ilionekana kuwa nyembamba zaidi na ya kulingana zaidi kuliko sufu ya kawaida ya lama na alpaka wa siku zetu. Maana yake ni nzito. Mfugaji wa kijiji, asiye na shule, alikuwa na wanyama bora kuliko walio nao wafugaji wa leo. Basi kati yake na sisi pana kitu kilichopotea.

Kilipotea namna gani? Tarehe 16 Novemba 1532, katika mji wa Cajamarca, Wahispania waliokuwa wakiongozwa na Francisco Pizarro walimkamata mfalme Atahualpa, na mwaka uliofuata wakamuua. Vita, ndui na maradhi mengine ya kigeni vikawafyeka watu. Wanyama nao hawakusalimika. Katika mwaka 1544 na 1545 ulizuka upele mbaya, na Garcilaso aliandika kuwa uliua yapata theluthi mbili ya mifugo ya nchi. Mwaka 1545 yakafunguliwa machimbo ya fedha ya Potosí, na lama wengi wakachukuliwa kubeba mizigo. Kutoka ng'ambo ya bahari wakaletwa kondoo, ng'ombe na mbuzi, nao wakapewa malisho mazuri ya mabondeni. Alpaka akasukumwa juu, na juu zaidi, mpaka akabakiwa na ile puna ambayo mnyama mgeni hakuiweza. Wataalamu wengine hukadiria kuwa katika muda wa karne moja tu, sehemu tisa katika kumi za wanyama hao ziliangamia.

Hata hivyo hesabu ya vifo haielezi hasara yote. Mchungaji alipokufa kwa ndui, alikufa pamoja na alichokuwa akikijua. Mwaka 1583 baraza la kanisa lililokutana Lima liliamuru kipu zilizohusishwa na ibada za kale zichomwe. Nyingine zikaachwa bila mtu wa kuzisoma. Wanyama waliosalia wakachanganyika ovyo mlimani, alpaka kwa lama, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kusema, "Huyu na huyu wasikutane." Uchunguzi wa chembe za urithi umethibitisha kuwa alpaka wengi wa leo wana damu ya lama ndani yao. Katika miaka michache ikaharibika kazi ya maelfu ya miaka, bila mtu yeyote kukusudia kuiharibu.

Ni akina nani basi waliomwokoa alpaka asipotee kabisa? Hawakuwa matajiri wala serikali. Walikuwa jamaa maskini wa puna, wanaosema Kikechua na Kiaimara, ambao hawakuwa na mahali pengine pa kwenda. Walimhifadhi kwa kuwa alikuwa mkate wao.

Dunia ya matajiri ilimgundua alpaka kwa mara ya pili katika karne ya 19. Mwaka 1836 kijana mmoja mfanya biashara wa Bradford, Uingereza, jina lake Titus Salt, alikuta katika ghala la Liverpool marobota ya sufu ya alpaka ambayo hayakuwa na mnunuzi. Alijaribu kuisokota, akafaulu kuifuma pamoja na pamba na hariri, na kitambaa chake kikapendwa na mabibi wa Uingereza. Mwaka 1853 alifungua kiwanda kikubwa na kujenga kando yake mji wa wafanyakazi, ambao uliitwa Saltaire, kwa jina lake na jina la mto Aire. Mji huo ungalipo hadi leo. Jina la Salt linajulikana, lakini majina ya wafugaji waliokata sufu ile juu ya puna hayakuandikwa mahali popote.

Biashara ilipokua, ilizaa tamaa ya kumhamisha mnyama mwenyewe. Mwingereza mmoja, Charles Ledger, aliwapitisha alpaka na lama kwa siri kutoka Andes, kwa maana serikali ya Peru ilikuwa imekataza kuwatoa nchini. Mwaka 1858 alifika Sydney, Australia, na wanyama zaidi ya 250 waliosalimika katika safari hiyo ndefu. Serikali ya huko iliwanunua kwa paundi 15,000. Baada ya miaka michache kundi lilitawanywa, na matumaini yote yakafa. Mnyama alihamishwa, lakini ujuzi wa puna haukuweza kupakiwa melini kama mzigo.

Kwa upande wa Peru, viwanda navyo vilileta hasara ya namna yake. Alpaka wa asili ana rangi nyingi: nyeupe, nyeusi, kahawia, kijivu na nyinginezo katikati yake. Viwanda vilipenda sufu nyeupe, maana hupokea rangi yoyote itiwayo, na wanunuzi wakailipia bei ya juu. Wafugaji wakachagua madume meupe, mwaka baada ya mwaka, hata wanyama wa rangi wakawa wachache. Tena, mfanya biashara aliyepanda mlimani alinunua sufu kwa uzito wake. Mtu anayelipwa kwa uzito hana faida ya kutafuta wembamba; hivyo sufu nzito na nene ilimlipa mfugaji sawa na sufu laini, pengine zaidi. Bei mbaya inaweza kumharibu mnyama kama maradhi yanavyomharibu.

Mwaka 1969 serikali ya Peru ilitoa sheria ya kugawanya mashamba makubwa. Mengi yalikabidhiwa vyama vya ushirika na jumuiya za vijiji. Mambo hayakwenda sawa kila mahali, lakini leo sehemu kubwa ya alpaka wa dunia iko Peru, na sehemu kubwa ya hao imo mikononi mwa jamaa ndogo za Puno, Cusco, Arequipa na mikoa jirani. Wafugaji wengine wameungana kuuza sufu iliyochambuliwa kwa daraja za wembamba, ili yule mwenye sufu laini apate haki yake. Daraja hizo ni mwanzo wa kurudisha kile kilichopotea.

Tangu mwaka 1984 alpaka walianza kupelekwa Marekani kwa wingi. Huko walikaribishwa na watu wenye mashamba madogo, ambao mara nyingi walikuwa na kuku, bustani na mbuzi wawili watatu wa maziwa. Wazo lilikuwa zuri: mbuzi atatoa maziwa na jibini, alpaka atatoa sufu, na samadi ya wote itakwenda bustanini. Jamaa nyingi zilifaulu na zinaendelea hivyo hata sasa. Lakini wengine walishikwa na tamaa. Daftari la nasaba za alpaka lilifungwa mwaka 1998, wanyama wapya kutoka nje wasiandikishwe tena, na bei ya walioandikishwa ikapanda mpaka jike mmoja aliuzwa kwa maelfu ya dola. Watu hawakununua alpaka kwa ajili ya sufu, maana sufu ya kilo mbili tatu kwa mwaka haiwezi kulipa bei kama hiyo. Walinunua ili wamuuzie mwingine. Baada ya msukosuko wa uchumi wa 2008 bei zilianguka, na wanyama waliokuwa na vyeti vizuri walitolewa kwa bei ya chini au bure. Hapo tunajifunza kuwa daftari linaweza kutumiwa vibaya pia. Daftari linaloandika majina ya wazazi bila kuandika kazi ya mnyama ni pambo tu.

Sasa na tumgeukie mbuzi, ambaye historia yake inafanana na hiyo kwa namna ya ajabu. Katika milima ya Zagros, nchini Iran, mahali paitwapo Ganj Dareh, imechimbuliwa mifupa ya mbuzi yenye umri wa miaka kama elfu kumi. Wataalamu waliona kuwa mifupa mingi ya madume ilikuwa ya wanyama wadogo, na ile ya majike ilikuwa ya wanyama wazima. Maana yake yafahamika kwa kila mfugaji wa leo: madume yalichinjwa mapema, majike yakaachwa yazae. Kwa hiyo huko nako, kama Telarmachay, ushahidi wa kwanza wa ufugaji ni ushahidi wa kuchagua.

Mbuzi alifika Afrika Mashariki zamani sana. Karibu na Ziwa Turkana mifupa ya mbuzi na kondoo imepatikana katika makao ya watu wa miaka elfu nne na zaidi iliyopita. Mbuzi wa kienyeji alizoea nchi hii, jua lake, kupe wake na ukame wake. Aliingia katika mila zetu, hata miongoni mwa Wakikuyu na Wameru mahari huhesabiwa kwa mbuzi. Lakini maziwa yake ni kidogo, karibu yote yakiwa ya mtoto wake. Wakati wa ukoloni, maofisa wengi walimdharau na kumlaumu kwa mmomonyoko wa udongo, na juhudi za serikali zikaelekezwa kwa ng'ombe wa kigeni katika mashamba makubwa. Mbuzi akaachwa kuwa mnyama wa maskini, asiyestahili daftari.

Wakati huo huo, huko Uswisi, mbuzi wa maskini alikuwa amepewa heshima nyingine. Katika bonde la Toggenburg na bonde la Saanen, wakulima wenye vipande vidogo vya ardhi walikuwa wamechagua majike yao kwa vizazi vingi kwa kipimo kimoja, yaani ndoo ya maziwa. Mbuzi wa Toggenburg ni wa rangi ya kahawia mwenye michirizi myeupe usoni. Yule wa Saanen ni mweupe mwili mzima. Majina hayo mawili ya mabonde ya wakulima wadogo yalienea duniani kote.

Nchini Kenya jitihada za kumfanya mbuzi awe mnyama wa maziwa zilipata nguvu wakati ardhi ilipozidi kugawanyika. Shamba la ekari moja au mbili, lililogawiwa na baba kwa wana na wana kwa wajukuu, haliwezi kulisha ng'ombe wengi. Katika miaka ya 1980 wataalamu wa Kenya na Marekani walichanganya mbegu nne, Toggenburg, Anglo-Nubian, Galla na mbuzi wa kienyeji, wakipata mbuzi wa nyama na maziwa pamoja. Katika miaka ya 1990, kwa msaada wa Wajerumani, mbuzi wa Alpine walienea Nyeri na wilaya za jirani. Na kuanzia mwaka 1996 shirika la FARM-Africa lilileta Toggenburg kutoka Uingereza hadi Meru na Tharaka-Nithi.

Mpango wa Meru wafaa kutazamwa kwa makini, maana ulitegemea vikundi vya wakulima wenyewe. Mabeberu ya kigeni yaliwekwa katika vituo vilivyotunzwa na wanakikundi, na jirani alileta mbuzi wake wa kienyeji kupandwa. Mtoto wa kwanza alikuwa na nusu ya damu ya Toggenburg. Binti huyo alipopandwa na beberu mwingine safi, mtoto wake alikuwa na robo tatu. Mbuzi aliyechanganywa hivyo, akipata majani ya kutosha, matete, kaliandra na mashina ya viazi vitamu, aliweza kutoa lita moja na nusu hadi tatu kwa siku. Katika nyumba yenye watoto wadogo, lita hizo ni kitu kikubwa. Ziada iliuzwa, na fedha zake zikanunua vitabu na sare za shule.

Lakini hapa ndipo penye hatari. Beberu akikaa kituo kimoja miaka mingi, binti zake watakua na kuletwa kwake wapandwe. Watoto wa ndoa kama hizo aghalabu huwa dhaifu, hukua polepole na hutoa maziwa machache kuliko mama zao. Kwa sababu hiyo vikundi vya Meru viliweka kanuni ya kuyahamisha mabeberu kutoka kituo hadi kituo. Kanuni hiyo haiwezi kufuatwa pasipo maandishi. Nani atajua kuwa jike huyu ni binti wa beberu yule, kama hakuna aliyeandika siku ya kupandwa, siku ya kuzaa, baba, mama, na kipimo cha maziwa? Kwa hiyo mbuzi wakatiwa alama masikioni, madaftari yakafunguliwa, na walio bora wakaandikishwa katika daftari la nasaba la taifa.

Mfugaji akichoka kuandika, hatapata adhabu siku hiyo wala mwaka huo. Mbuzi wataendelea kula na kuzaa. Baada ya vizazi vitatu au vinne ndipo atakapoona ndoo imepungua, naye atalaumu mvua, au majani, au jicho la jirani. Ndivyo ilivyokuwa juu ya puna baada ya nyuzi za kipu kukosa wasomaji. Hapakuwa na siku moja ambayo sufu iliharibika. Iliharibika kidogo kidogo, kwa kimya kile kile ambacho ilitengenezwa nacho.

Wazee wetu walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Wafugaji wa Andes waliijua hekima hiyo bila kuwa na karatasi. Wewe, mwanafunzi, una karatasi na kalamu, na umefundishwa hesabu. Pengine nyumbani kwenu yuko mbuzi mmoja wa maziwa, na mama au nyanya yako anajua kwa moyo nasaba yake yote: alinunuliwa kwa nani, mama yake alikamuliwa kiasi gani, na beberu lilitoka wapi. Mkalishe jioni moja, umwulize, na uyaandike majibu yake katika daftari lenye mistari minyofu, ukiacha nafasi kwa watakaozaliwa.

Utakapofanya hivyo utakuwa umeandika ukurasa wa historia ambayo haimo katika vitabu vya shule. Huenda asiusome mtu mwingine ila yule atakayelifuga kundi hilo baada yako. Kwake yeye ukurasa huo utakuwa na faida kuliko tarehe ya vita vyovyote.